Kivuli cha Shika Adabu

Ukivuka feri ya Likoni, panda matatu hadi Shika Adabu. Jua la saa saba likikuzidi, utakimbilia kivuli cha mwembe. Je, wajua kwa nini hapo pana ubaridi kuliko chini ya bati?

Upande wa chini wa jani la mwembe umejaa vitundu vidogo mno, viitwavyo stomata. Kila kitundu kina seli mbili, mfano wa mabawabu mlangoni. Zikijaa maji hutuna, mlango ukafunguka: hewa ya kaboni huingia kutengeneza chakula, oksijeni na mvuke hutoka. Mvuke huo hupoza jani na hewa iliyo jirani. Ardhi ikikauka, seli hulegea na mlango hufungwa. Maji huokolewa, lakini chakula hupungua. Mti hauna budi kuchagua: kiu au njaa.

Mama anayenunua maji kwa mtungi anaijua hesabu hiyo. Mbuyu nao, kiangazi kikizidi, hupukutisha majani yote.

Mwanafunzi, ingiza kitawi chenye majani ndani ya chupa angavu tangu asubuhi, kingali mtini. Jioni utaona matone. Na kabla hujashika shoka, kumbuka: bati halitoi jasho.