Shelui: Mahali samaki wanapojua kusubiri maji

Basi linalotoka Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, njia panda ya Kiomboi, kisha huanza kuteremka Mlima Sekenke. Malori hushuka taratibu, breki zikilalamika. Chini ya mlima ardhi inakuwa tambarare, joto linapanda, na muda si mrefu abiria wanaona Shelui, mji mdogo wa Wilaya ya Iramba ulio kando ya barabara kuu, kabla ya kuvuka mbuga ya Wembere na kuingia Igunga, mkoani Tabora.

Wengi wanalifahamu eneo hili kwa dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulianza kazi mwaka 1909, wakati wa Wajerumani, na hadi leo wachimbaji wadogo wanaendelea kuitafuta dhahabu katika vilima hivi. Wengine wanalifahamu kwa ukame. Si mahali ambapo mzazi angetegemea mtoto wake aombe tangi la samaki wa mapambo sebuleni.

Hata hivyo watoto wa siku hizi wanaona mengi kwenye simu za wazazi wao. Mtoto akishaona samaki wadogo wa rangi wakiogelea ndani ya kioo, swali linafuata: "Baba, na sisi tunaweza kuwa nao?" Jibu ni ndiyo, hata Shelui. Ila kuna sharti moja, nalo limewashinda watu wengi waliopo mijini ambako kila kifaa kinapatikana dukani: samaki wanunuliwe mwisho kabisa.

Samaki wanaolala kwenye tope

Samaki si wageni upande huu wa Singida. Ziwa Kitangiri, ambalo hupokea maji ya Wembere, lina wavuvi wake, na perege na kambale huliwa katika nyumba nyingi za Iramba. Kutoka Kitangiri maji huendelea kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na huko ndiko mwisho wake. Hayafiki baharini.

Wapo pia samaki wengine ambao hakuna anayewapika, kwa sababu ni wadogo kuliko kidole. Wanasayansi huliita kundi lao Nothobranchius. Wanaishi katika madimbwi ya msimu ya Afrika Mashariki na Kusini, na mbuga za katikati ya Tanzania, Wembere ikiwemo, ni sehemu ya makazi yao. Madume wana rangi za kuvutia, nyekundu na buluu, kiasi kwamba wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya, Marekani na Japani huwafuga na kubadilishana mayai yao kwa posta.

Mayai kwa posta si utani. Samaki hawa hutaga kwenye tope la chini ya dimbwi. Kiangazi kinapofika dimbwi linakauka, wakubwa wote wanakufa, na mayai yanabaki ndani ya udongo miezi mingi bila maji. Mvua ikirudi na dimbwi kujaa, yanaanguliwa. Vifaranga hukua haraka mno, na baada ya wiki chache nao wanataga, maana hawajui dimbwi litadumu hadi lini.

Mtoto aliyeona dimbwi limekauka mwezi Septemba, kisha akaona samaki ndani yake baada ya mvua kubwa, ana haki ya kuuliza wametoka wapi. Mzazi sasa ana jibu: walikuwepo, walikuwa wanasubiri.

Tahadhari moja kwa mzazi: mtoto aangalie dimbwi akiwa ukingoni. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho, na mtoto anayeingia humo kukimbiza samaki anaweza kurudi na ugonjwa.

Maji yenyewe yanatoka wapi

Kwa miaka mingi maji ya Shelui yalikuwa ya visima, na maji ya ardhini ya Singida yanajulikana kwa chumvichumvi na madini ya floridi. Kisha ukaja mradi wa Tinde–Shelui unaoleta maji ya Ziwa Victoria. Maji hayo huvutwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, yakapita mabomba mamia ya kilomita hadi huku. Kwa hiyo tangi la samaki Shelui linaweza kujazwa maji ya ziwa ambalo watoto wengi wa hapa hawajawahi kuliona.

Aina zote mbili za maji zinafaa, kila moja kwa namna yake. Maji ya bomba yametiwa klorini ili yasituletee maradhi, lakini klorini huunguza mashavu ya samaki. Dawa yake ni rahisi: yakingwe kwenye ndoo pana isiyofunikwa na kuachwa siku nzima, yakikorogwa mara kwa mara. Maji ya kisima hayana shida hiyo, ila yakiwa na chumvi yanahitaji samaki wanaoistahimili.

Je, si ubadhirifu kuwapa samaki maji mahali ambapo akina mama wamebeba ndoo kichwani miaka yote? Swali hilo ni la haki, na hesabu yake iko wazi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linajaa kwa lita 63. Likishawekwa kokoto, maji yanabaki kama lita 50. Kila wiki hubadilishwa robo tu, yaani chini ya ndoo moja ya lita 20. Maji yanayotolewa yana mbolea, na mchicha wa uani unayapenda. Hakuna tone linalomwagwa bure.

Kutengeneza tangi

Hakuna haja ya kuagiza tangi mbali. Fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 6. Jambo la kumsisitizia ni silikoni: iwe ile ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Baada ya kuunganishwa liachwe wiki nzima likauke, kisha lijazwe maji likiwa nje na kuangaliwa kama linavuja.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukiongeza kioo na kokoto, tangi hilo linakaribia kilo 80. Meza ya chai haitalibeba. Linahitaji meza nzito isiyoyumba, kipande cha sponji chini ya kioo, na mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kulivuta likamwangukia.

Joto nalo lifikiriwe. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa kwa nchi za baridi, navyo humwambia msomaji anunue hita. Shelui shida mara nyingi ni kinyume chake. Samaki wengi wa kitropiki hufurahia nyuzi joto 24 hadi 28, na nyumba ya bati isiyo na dari mwezi Oktoba huzidi hapo. Maji ya moto hubeba hewa kidogo. Tangi likae kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua.

Kokoto zioshwe hadi maji yatoke meupe. Zisichukuliwe kamwe kwenye mialo, mahali wachimbaji wanapooshea dhahabu, wala kwenye marudio ya karasha. Huko hutumika zebaki, nayo hubaki mchangani. Hilo ni hatari kwa samaki, na ni hatari zaidi kwa mtoto anayezishika.

Chujio la kutosha ni la sponji, linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Pampu ikae juu kuliko maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi nyuma kupitia mpira. Waya wake uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteremka lianguke sakafuni. Na mkono usiingie majini kabla swichi haijazimwa.

Mwezi mmoja bila samaki

Tangi limejaa, pampu inavuma, kokoto zinang'aa. Hapa ndipo wengi hukosea: kesho yake wananunua samaki kumi, na ndani ya wiki mbili wote wanaelea. Mtoto analia, tena anaamini ni yeye aliyewaua.

Kilichowaua hakionekani kwa macho. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, nayo pia ni sumu, na wengine wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ikiwa kidogo haina madhara makubwa na hutoka maji yakibadilishwa. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Wanahitaji kama mwezi mmoja kuota kwenye sponji na kokoto. Katika maji ya joto au ya kisima yenye magadi, amonia ni kali zaidi, kwa hiyo haraka inaadhibiwa mapema.

Anayejua kibuyu cha maziwa mgando ameshaelewa. Kibuyu kipya hakigandishi vizuri. Kile kilichobaki na masalia ya jana ndicho kinachofanya kazi. Tangi ni hivyo hivyo. Mzazi mwenye rafiki anayefuga samaki wenye afya aombe kipande cha sponji kilichotumika, akisafirishe kikiwa kibichi, na akiweke ndani ya chujio lake. Asiye na rafiki huyo atie chembe chache za chakula kila siku kana kwamba samaki wapo, na asubiri wiki nne hadi sita.

Kwa sababu hiyo hiyo, sponji haisuuzwi bombani. Klorini inaweza kuwaua bakteria hao. Isuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi.

Mwezi huo si wa kukaa bure. Mtoto anaweza kupewa daftari aandike joto la maji asubuhi na jioni, atie chembe za chakula, na aone ukungu wa siku za mwanzo ukiisha wenyewe.

Kuwaleta wageni

Samaki wa kuanzia ni gapi. Asili yake ni Amerika Kusini, anavumilia maji ya bomba na ya kisima chenye chumvi kidogo, na anakula viluwiluwi vya mbu. Jike huzaa karibu kila mwezi, na anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa baada ya kukutana na dume mara moja. Familia isiyotaka samaki mia ianze na madume sita peke yao. Moli naye anafaa, hasa kwenye maji ya kisima. Samaki wa dhahabu aachwe: anakua mkubwa na anachafua maji haraka.

Wauzaji wapo katika miji mikubwa, na mabasi ya Mwanza hupita Shinyanga, Nzega na Igunga kabla ya kufika Shelui. Samaki asilishwe siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ndani ya boksi lenye giza, mbali na injini. Nyumbani mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, uongezewe maji ya tangi kidogo kidogo, kisha samaki watolewe kwa kijiwavu. Maji ya mfukoni yasimwagwe ndani.

Chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Umeme ukikatika, samaki wasilishwe, na mtu achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa. Tangi lenye samaki sita tu linavuka usiku wa giza. Lenye ishirini huenda lisivuke.

Wasirudishwe porini

Siku moja mtoto atachoka, au gapi watazidi. Huruma itasema wakaachiwe kwenye dimbwi la Wembere wakajitafutie. Hapo mzazi akatae kabisa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na aina nyingi za furu waliokuwa humo zikatoweka. Gapi ni mdogo, lakini katika dimbwi dogo anaweza kuwala vifaranga wa samaki wa tope na kuwanyang'anya chakula. Samaki waliozidi wagawiwe kwa jirani au shuleni.

Hata wakitunzwa vizuri, gapi huishi miaka miwili hivi. Mmoja atakutwa amekufa asubuhi. Mtoto asifichwe. Amsaidie mzazi kumtoa, amzike chini ya mchicha, na afungue daftari lake aone kama joto au chakula kilibadilika. Sababu ikipatikana, atajifunza. Isipopatikana, ajue kwamba uhai una kikomo chake, hata kwa anayetunzwa.

Mvua zikianza, madimbwi ya Wembere yatajaa tena na mayai yaliyo kwenye tope yataamka bila msaada wa mtu. Samaki wa sebuleni hawana uwezo huo. Wao wanamtegemea mtoto anayekumbuka kukinga ndoo leo kwa ajili ya maji ya kesho.