Uhuru wa Nchi na Uhuru wa Mtu

Wasomaji wangu, neno uhuru lina maana mbili, nazo yafaa kuzipambanua. Maana ya kwanza ni nchi kutotawaliwa na wageni. Ya pili ni mtu kutotumikishwa na mwenziwe. Mji wetu wa Songea hutufundisha zote mbili.

Mimi ni mwalimu hapa Mjimwema. Kila mwaka huwaongoza wanafunzi wangu mpaka mtaa wa Mahenge, yalipo makaburi ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza mwaka 1905, kwa sababu watu walichoshwa na kodi, viboko na kazi za lazima za Wajerumani. Mwaka 1906 Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa hapa, pamoja na nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake. Tunawakumbuka kila tarehe 27 Februari.

Siku moja, tulipokuwa kaburini, msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na mateka wa Wangoni, je, walikuwa na uhuru?" Wenziwe wakamkemea, wakisema kwamba anawatukana mashujaa. Nikawanyamazisha, maana swali lilikuwa la haki. Wangoni walipokuja kutoka kusini mwa mto Zambezi katika karne ya 19, waliteka Wandendeule, Wapangwa na wengineo, wakawaita sutu. Ni kweli kwamba mateka hodari aliweza kupewa cheo, na wajukuu wake wakawa Wangoni. Walakini yeye hakuulizwa kama apenda kukaa.

Tena fikirini jambo hili. Sheria ya kukomesha utumwa katika Tanganyika ilitolewa mwaka 1922 na Waingereza, ambao wenyewe walitutawala bila ridhaa yetu. Basi mtumwa alipata uhuru katika nchi isiyo huru. Nchi yenyewe ilingoja mpaka tarehe 9 Desemba 1961.

Kwa hiyo uhuru wa nchi na uhuru wa mtu haukuja pamoja, wala mmoja hauwezi kushika nafasi ya mwingine. Mashujaa wetu walikufa kwa ajili ya ule wa kwanza, nasi twawaheshimu. Ule wa pili ni kazi yetu ya kila siku. Mtoto aletwaye mjini kulea watoto wa watu, naye hapelekwi shule, aishi katika nchi huru, lakini yeye bado si huru. Je, nyumbani kwenu hayupo mtoto kama huyo?