Geti la Kilindini Kabla na Baada ya 2004

Nilipoajiriwa karani wa mizigo katika bandari ya Kilindini, Mombasa, mwishoni mwa miaka ya themanini, sura inayojulikana ndiyo iliyokuwa pasi. Wauza vinyago walikwea ngazi ya meli na vikapu vyao, na baharia Mfilipino aliyeshuka jioni kwenda mjini alipungiwa mkono tu getini. Tulichohofia ni wezi wa kamba na rangi, na wazamiaji waliojificha katikati ya shehena wakiota Ulaya.

Oktoba 2000, mashua ndogo iliyojaa baruti iliisogelea manowari ya Marekani, Cole, ikiwa Aden. Mabaharia 17 walikufa. Habari ile ilinikaa moyoni, maana mashua za namna hiyo zilipita ubavuni mwa meli zetu kutwa. Yakaja mashambulizi ya Septemba 11, kisha meli ya mafuta Limburg ikalipuliwa karibu na Yemen. Desemba 2002, mataifa yalikutana London yakapitisha kanuni za usalama wa meli na bandari, ISPS, zianze kutumika Julai 1, 2004.

Bandarini kwetu ukuta ukapandishwa, taa na kamera zikafungwa, kila mtu akavaa kadi kifuani. Nilifunguliwa mfuko wa mahamri na chupa ya chai na kijana niliyemjua tangu anazaliwa. “Samahani mzee, ni amri,” akaniambia, na alifanya sawa. Kilichozisukuma bandari kuzifuata kanuni hizo ni biashara: meli hutakiwa kuonyesha rekodi ya bandari kumi za mwisho ilizopitia, na ikitoka kwenye bandari iliyozembea, huko iendako inaweza kukaguliwa upya au hata kukataliwa kuingia. Siku moja ya kungoja ni hasara kubwa.

Lakini geti halifiki bahari kuu. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina, iliyokuwa ikija kwetu na vifaru 33. Ilifika Februari 2009, nahodha wake akiwa amefia mikononi mwao. Miaka ile meli zilitia nanga zikiwa zimezungushiwa seng'enge za wembe, na juu ya sitaha moja niliona sanamu ya mtu iliyovishwa ovaroli, imesimamishwa kama mlinzi wa zamu.

Wanaoniuma moyo hadi leo ni mabaharia wenyewe. Wengi walinieleza kuwa ziko bandari ambako hukaa siku nzima gatini wakiutazama mji kwa mbali, eti usalama hauruhusu. Sivyo. Kanuni hizohizo zinataka mpango wa kila bandari ueleze jinsi baharia atakavyoshuka nchi kavu, na jinsi watu wa kumhudumia watakavyomfikia melini. Mtu aliyepita kwenye maji ya maharamia anahitaji kukanyaga ardhi na kumpigia mkewe simu. Mpaka ninastaafu niliwaambia walinzi wapya: soma kitambulisho chake, kagua mfuko wake, kisha mwonyeshe matatu za mjini zinapopita.