Urithi Hushikwa kwa Mikono



Sisi tuliotoka pwani tukaja kuishi Kericho, kila tunaporudi nyumbani jamaa hutuuliza swali moja: huko kwenye mashamba ya chai, watoto watabaki Waswahili kweli? Swali hili si la mzaha. Wanangu wamezaliwa kwenye baridi. Ukili na kofia za viua walizijua kwa picha. Jirani yangu Mkipsigis naye ana hofu iyo hiyo, ingawa yuko kwao. Wajukuu wake huona kibuyu cha mursik kwenye televisheni, wanariadha wanapopokewa uwanja wa ndege.

Kisa cha Kapkatet, karibu na mpaka wa Kericho na Bomet, kimenifunza mengi juu ya jambo hili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekusanya muziki wa Afrika, aliwarekodi hapo wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha”. Jina hilo linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikwisha kufika huku. Wasichana hawakukaa wakasikiliza tu. Walilitia jina la mgeni katika matamshi yao, wakamfanya nusu mtu nusu paa, wakamwimba kwa lugha ya mama zao.

Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoiasisi Tracey mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya maktaba hiyo, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi, kuzirudisha Kapkatet. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai, wakasikia ujana wao.

Nimelitafakari sana jambo hili. Kabati liliitunza sauti vizuri, lakini kabati halimfundishi mtoto kuimba. Kilichohifadhiwa bado kinahitaji kinywa na mikono ya kukipokea.

Kwa hiyo mimi na jirani yangu tukaafikiana kubadilishana watoto siku za Jumamosi. Kwake, binti yangu alijifunza kuchoma kijiti cha mti wa senetwet, kusugua mkaa wake ndani ya kibuyu, kisha kumimina maziwa na kuyaacha yagande. Kama mama yeyote wa Kiislamu, niliuliza kwanza kilichomo. Nikajibiwa: maziwa, mkaa na subira. Aliporudi alikuwa mweusi hadi kwenye viwiko, na maswali hayakwisha: kwa nini mti huu na si mwingine? Nani aliyemfundisha bibi?

Kwangu, mjukuu wa jirani alishika sindano. Kiua cha kwanza kilifumuliwa mara tatu, na kitambaa kikatupwa sakafuni kwa hasira. Wiki iliyofuata alikiomba tena. Wanangu, ambao hawakuwahi kuitaka kofia ya marehemu babu yao, walipomwona mgeni akiishughulikia waliona haya, wakakaa naye mkekani. Jirani yangu alitazama vichwa vile vilivyoinama, akasema, “Nilidhani kibuyu changu kitazikwa pamoja nami.”

Hakuna aliyepoteza lake kwa kujifunza la mwenziwe. Tumeumbwa makabila mbalimbali tupate kujuana, na njia nyepesi ya kumjua mtu ni kufanya naye kazi ya mikono yake.

Basi, akina mama wenzangu, likizo ijayo bibi atakapokuja, msiwakalishe watoto wamsikilize tu. Mpeni bibi ukili na watoto ukili. Waacheni wakosee, wafumue, waanze upya, hata mkeka ukitoka umepinda. Mtoto hatausahau mkeka alioupinda mwenyewe, na siku moja atataka kumfundisha mwanawe kuunyoosha.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazee wetu, na atujaalie kuyapokea yaliyomo mikononi mwao wangali hai. Amin.