Debe Likiisha, Tangazo Lilale

Siku ya saba baada ya kumzika baba yetu, simu yake iliita mara nne kabla ya adhuhuri. Ilikuwa juu ya kabati la vyombo, mahali alipozoea kuiweka kila alipokwenda kutia udhu. Mara tatu za mwanzo tuliiacha ikaita hadi ikanyamaza. Mara ya nne mama, aliyekuwa amekaa eda chumbani, alimtuma mjukuu wake atuambie tupokee, kwani huenda mpigaji hajapata habari ya msiba. Tulipopokea, mtu tusiyemjua alitoa salamu, kisha akauliza, "Asali ya Biharamulo bado ipo?"

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba baba alikuwa na tangazo.

Marehemu alikuwa na duka dogo mjini Ngara. Aliuza mchele, sabuni, chumvi na mafuta ya kula, kama wauzavyo wengine, lakini jina alilipata kwa asali. Kila baada ya masika alishuka kupitia Benaco na Kasulo hadi Nyakahura, wilayani Biharamulo, kuonana na warina asali aliofahamiana nao tangu ujana wake. Alinunua kwa debe, akaichuja mwenyewe nyumbani kwa kitambaa cheupe, akaijaza katika chupa. Haikuwa bidhaa ya mwaka mzima. Ikiisha imekwisha, na hakuna mteja aliyeweza kumshawishi aiongeze kwa maji ya sukari. Alikuwa akisema kwamba kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekitaja katika Suratun Nahl kuwa kina ponya kwa watu, mwanadamu hapaswi kukitia mkono wake.

Ndugu yetu wa pili, anayefanya kazi Mwanza, ndiye aliyemfungulia akaunti ya matangazo ya mtandaoni, yale ambayo mwenye tangazo hulipia kila mara mtu anapolibofya. Mtindo huu si wa jana. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo GoTo.com ilianza kuuza nafasi za matangazo kwa njia hiyo, na mwaka 2000 Google ikaanzisha huduma yake ya AdWords, ambayo tangu 2018 inaitwa Google Ads. Kampuni aliyoitumia baba hatuitaji, kwa kuwa haikututendea ubaya wowote. Kosa lilikuwa letu.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi: Asali ya Biharamulo, haijachanganywa, piga simu. Baba aliweka kikomo cha shilingi 5,000 kwa siku, akatia akiba ya fedha katika kadi ya mtandaoni aliyoifungua kwa simu yake, na kampuni ikawa inakata humo. Mwanzoni jambo moja lilimtatiza. Siku nyingine zilikatwa zaidi ya 5,000. Ndugu yetu alimsomea masharti, wakaona kwamba kikomo kile ni wastani: siku yenye wabofyaji wengi matumizi yanaweza kufika hata maradufu, ila jumla ya mwezi haivuki kiwango chake. Baba aliposikia alitikisa kichwa, akasema, "Basi hii ni ng'ombe, haifai kuachwa bila mchungaji." Tangu siku hiyo alifuata kanuni yake mwenyewe. Asali ilipobaki chupa chache, alimpigia mwanawe simu Mwanza na kumwambia maneno yale yale kila msimu: "Debe limekwisha, tangazo lilale." Msimu ukirudi, tangazo liliamshwa.

Mauti yalimkuta msimu ukiwa katikati na tangazo likiwa macho.

Wale waliopata msiba wanajua namna siku zile zinavyopita. Kuna wageni wa kuwapokea, kisomo, vyombo vya kurudisha kwa majirani, cheti cha kifo cha kufuatilia. Duka tulilifunga. Mama alikuwa katika eda, na asali iliyobaki stoo ilikuwa mali ya mirathi, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kuiuza kabla ya kuteuliwa msimamizi. Hata hivyo, kila uchao mtu wa Bukoba, wa Kahama au wa Geita alikuwa akiliona tangazo, analibofya, na kadi ya marehemu inakatwa, ili aambiwe kuhusu asali ambayo hawezi kuuziwa.

Siku ile ya saba ndugu yetu alikuwa bado Ngara. Alikuwa na ruhusa ya kuingia katika akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe, na kulisitisha tangazo ni kazi ya kubonyeza mara moja. Alishika simu ili afanye hivyo. Mama akamzuia.

"Kila anayepiga," alisema, "tukimwambia kwamba mwenyewe ametangulia, humwombea rehema. Leo amemwombea mtu wa Kahama ambaye hakuwahi kumwona. Mnataka kumnyima baba yenu dua hizo?"

Hatukuwa na jibu. Au tuseme ukweli: jibu tulikuwa nalo, lakini hatukuwa na moyo wa kumpa mjane wa siku saba. Mmoja wetu alisema shilingi elfu tano si kitu. Mwingine alisema fedha za kadi zikiisha tangazo litakoma lenyewe. Kwa maneno hayo mawili tukalala usingizi siku kumi na sita.

Aliyetuamsha alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akitoka Kigali kurudi Dar es Salaam, akaegesha Benaco, akachukua bodaboda kupanda mjini Ngara kwa ajili ya chupa mbili za asali. Simu ilikuwa chajini katika nyumba ya jirani, kwa hiyo alipopiga hakujibiwa, akaamua kufuata maelekezo ya watu hadi dukani. Akakuta mlango umefungwa. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka 11, alikuwa amekaa barazani. Alimwamkia, akamweleza kwamba baba amefariki. Yule bwana hakulalamikia nauli yake wala muda wake. Aliinua mikono akaomba dua, kisha akatoa noti ya shilingi 10,000 akaiweka katika kiganja cha mtoto, akasema, "Mpelekee mama, mwambie poleni."

Mtoto alipoingia na noti ile, nyumba nzima ilinyamaza. Mgeni alikuwa amesafiri kwa ajili ya ahadi yetu, amekuta si ya kweli, na bado ametupa rambirambi. Jioni ile tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu.

Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Katika warithi, yupo asiyebaleghe?" Tukamjibu kwamba yupo mdogo wetu. Akauliza tena taratibu, "Na fedha ya kadi ile ni ya nani sasa?"

Hapo tukaelewa tulipokuwa tumesimama. Tangu roho ya baba ilipotoka, fedha ile haikuwa ya baba tena. Ilikuwa ya kulipia madeni yake na wasia wake kama upo, na kinachobaki ni cha warithi: mama ana thumni yake, na sisi watoto tuna mafungu yetu kama yalivyopangwa katika Suratun Nisaa. Sehemu yake moja ilikuwa ya yatima. Na sura hiyo hiyo ina onyo zito kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Sisi hatukuila. Tuliiacha iliwe na tangazo, tukitazama.

Kuhusu hoja ya mama, sheikh alisema kwa upole, "Mwambieni mama kwamba dua ni njema, lakini hainunuliwi kwa mali ya yatima. Mtume (s.a.w.) ametufundisha yanayobaki kwa mwanadamu baada ya kufa: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Tangazo la bidhaa ambayo haiuzwi halimo." Kisha akaongeza, "Sitisheni tangazo. Lakini simu msiizime."

Agizo hilo la mwisho hatukulielewa siku ile.

Usiku ule ule ndugu yetu alilisitisha tangazo, tukafungua taarifa ya akaunti, ambayo huonyesha matumizi siku kwa siku. Tulikaa na daftari tukayatenga mafungu matatu. Mibofyo ambayo haikuwa imelipiwa hadi siku ya kifo ilikuwa ya shilingi 41,600. Hilo lilikuwa deni la marehemu, na hutoka katika mali yake kabla ya mirathi. Siku saba ambazo hatukujua zilikuwa na shilingi 28,900. Siku kumi na sita ambazo tulijua na tukanyamaza zilikuwa na shilingi 68,900. Sheikh alikuwa ametuambia kwamba fungu la tatu ni letu bila shaka, na la pili tukilibeba ni wema. Sisi watatu tulio watu wazima tuliyabeba yote mawili, jumla 97,800. Kila mmoja alitoa shilingi 32,600, zikarudishwa katika mali ya mirathi.

Siku mbili baadaye kadi ilikatwa tena, na nusura tumgombeze ndugu yetu bure. Tulidhani hakulisitisha kweli. Kumbe kusitisha huzuia mibofyo mipya tu, lakini hakufuti ile ambayo tayari imehesabiwa na bado haijalipiwa. Fedha hiyo ilikuwa tayari ndani ya hesabu yetu. Vilevile tulijifunza kwamba kusitisha si kufunga. Tangazo lililositishwa limelala, na mwenye ruhusa anaweza kuliamsha wakati wowote. Kufunga ni kuvunja mkataba wenyewe, na hilo tuliliacha hadi Mahakama ya Mwanzo ilipomthibitisha kaka yetu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, ili asije mtu akasema tumegusa mkataba wa marehemu bila mamlaka.

Simu ilibaki juu ya kabati, ikiwa na chaji. Siku ya thelathini na moja iliita. Alikuwa mama mmoja wa Chato. Alitoa salamu, akamwuliza baba kwa jina, na tulipomweleza alilia. Baadaye akasema kwa haya kwamba alikuwa ametuma shilingi 120,000 kwa ajili ya lita kumi za asali, siku nne kabla ya kifo, na hakutaka kutusumbua kwa hilo. Tulifungua daftari la baba, tukapekua hadi ukurasa ambao hakuna aliyekuwa ameufikia. Kwa mwandiko wake uleule uliolala upande, tulikuta maneno: Mama wa Chato, lita 10, amelipa, hajapelekewa.

Baba alikuwa ameliandika deni lake, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Sisi ndio tulikuwa hatujalisoma. Tungeizima simu ile siku ya saba kwa hasira ya kelele zake, au tungeirudisha laini kwa mtandao wa simu mapema, mama yule angenyamaza kwa haya yake na baba angelala na deni. Tena laini ile ndiyo iliyokuwa ikipokea namba za uthibitisho za kadi. Warithi wote tulikubaliana, zikapimwa lita kumi kutoka stoo, zikasafirishwa hadi Chato.

Mama tulimweleza yote. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mimi nilitaka asikie jina lake likitajwa. Kumbe alitaka deni lake lilipwe." Tangu hapo, kila simu ilipoita, aliuliza kwanza, "Ni mdai?"

Eda ilipokwisha, msimamizi aliifunga akaunti mbele yetu sote. Tulipiga chapa taarifa ya mwisho ya malipo na kuiweka ndani ya daftari. Salio la kadi liliingia katika hesabu ya mirathi, na mdogo wetu akapata fungu lake, limewekwa kwa jina lake.

Tumeandika haya kwa ajili ya familia ambazo baba, mama au kijana wao anafanya biashara kwa simu. Mtume (s.a.w.) amehimiza kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Zamani wasia ulitaja shamba, mbuzi na wadai. Leo utaje pia akaunti za matangazo, kadi inayokatwa, barua pepe iliyotumika na mtu wa pili mwenye ruhusa ya kuingia. Warithi nao, wakishamaliza mazishi, waulizane mapema: ni kitu gani cha marehemu bado kinatembea? Kinachokula mali kisitishwe siku hiyo hiyo. Kinacholeta wadai kiachwe wazi hadi wa mwisho alipwe. Dawa ya deni ni kulipa, na halilipwi deni ambalo mlango wake umefungwa.

Msimu huu tumeshuka tena Nyakahura. Warina asali walitupokea kwa pole na kwa madebe matatu. Tumefungua akaunti mpya kwa majina yetu, na kadi yake ina fedha zetu wenyewe. Juzi zilipobaki chupa sita, mdogo wetu ndiye aliyechukua simu akampigia kaka yake aliye Mwanza. Hatukumfundisha la kusema.

Ewe Mola, mrehemu baba yetu, umsamehe, na uyapokee tuliyomlipia. Amin.