Kahawa ya Karo

Ishiara si mahali pa kahawa. Huku chini jua ni kali, tunalima ndengu na mtama, tunafuga mbuzi, na muguka ndiyo inaleta pesa za haraka. Ukikaribishwa kwa mtu unawekewa chai ya maziwa, na sukari haiulizwi. Kwa hivyo niliporudi kutoka Nairobi mwezi wa pili na begi moja, laptopu, na frenchi presi niliyoifunga kwa sweta isivunjike, mamangu aliigeuza ile jagi ya kioo mikononi akauliza kama ni kifaa cha maabara.

Nikamwambia ni ya kahawa. Hakuuliza pesa za kuinunua zilitoka wapi. Wewe nitakuambia.

Cucu, mamake mama, anaishi juu, upande wa Runyenjes, na ana miti mia mbili na kitu ya kahawa. Embu na Meru ni kati ya sehemu za kwanza Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930. Kabla ya hapo lilikuwa zao la walowezi. Cucu amechuma tangu utotoni. Anajua safari yote: cherry zinapelekwa kiwandani, zinamenywa, zinachachushwa, zinaoshwa, zinaanikwa. Halafu magunia yanaenda kukobolewa, kahawa inauzwa mnadani Nairobi, na yeye anakaa kungoja malipo. Kilo sita au saba za cherry ndizo hutoa kilo moja ya kahawa iliyokobolewa. Na hakuwahi kuinywa hata siku moja. Kwake kahawa ilikuwa pesa, na pesa ilikuwa karo.

Karo yangu. Nikiwa mwaka wa tatu alinitumia 18,000 kwa M-Pesa. Wakati huo nilikuwa sijaingia darasani wiki nyingi. Usiku nilikuwa naandikia watu makala za mtandaoni, mchana nalala. Nikalipa nyumba, nikanunua bando, na siku moja Gikomba nikaona presi ya mtumba, mia saba. Nikajiambia mwandishi lazima awe na kahawa yake. Muhula uliofuata sikurudi.

Mwezi wa nane Cucu akashuka kututembelea. Kwenye kiondo alikuwa na ndizi, parachichi, na kama kilo moja ya mbuni, yaani zile cherry zinazokaushwa na ganda lake bila kupitia mashine.

"Mamako ananiambia una mtambo wa kahawa," akasema. "Mume wangu, nionjeshe."

Tukaanza. Tulitwanga mbuni kwenye kinu hadi maganda yakaachana na punje, yeye akapeta kwa ungo. Nikakaanga kwenye sufuria juu ya makaa nikikoroga bila kupumzika, hadi punje zikaanza kulia kama bisi na nyumba ikajaa moshi. Tukaziacha zipoe usiku kucha. Asubuhi nikazirudisha kinuni. Sina mashine ya kusaga, lakini kwa presi kinu kinatosha, kwa sababu unataka chenga kubwa kama njenga. Ukisaga laini kama unga, vumbi linapenya kwenye chujio na kikombe kinabaki na matope.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hivyo nilitumia ya mvua yaliyobaki kwenye tangi. Vijiko sita vya mezani kwa nusu lita. Maji yakishachemka unayaacha nusu dakika, unamimina, unakoroga mara moja, unafunika. Halafu unangoja dakika nne.

Cucu alikuwa ameinamia kioo akitazama povu likipanda. Akauliza hiki kitu kimetoka wapi. Nikamwambia kinaitwa cha Ufaransa, lakini walioomba hataza yake mwaka wa 1929 ni Waitaliano wawili wa Milan, Attilio Calimani na Giulio Moneta.

"Kwa hivyo jina si lake," akasema.

Nami kule sokoni bado nilikuwa naitwa "yule wa yunivasiti", na nilikuwa naitika.

"Cucu, niliacha shule."

Hakuinua kichwa. "Lini?"

"Ile karo ya mwisho uliyotuma, sikuilipa."

"Ilienda wapi?"

"Nyumba. Bando. Chakula." Nikaionyesha jagi kwa kidole. "Na hii."

"Hii ilikuwa ngapi?"

"Mia saba."

Akanyamaza. Simu yangu ikalia, dakika nne zimeisha, na hakuna aliyeigusa. Mama alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Si ubonyeze," Cucu akasema. "Ama hata hiyo itaharibika?"

Nikabonyeza polepole. Nikamimina yote mara moja, maana ikibaki juu ya machicha inazidi kuwa chungu. Akanywa bila sukari, kwa sababu nilimwambia ndivyo inavyonywewa, na nikaona uso ukikunjamana. Akanywa tena.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. Kisha akaomba maziwa.

Hakunigombeza. Jioni, akifunga kiondo, aliniuliza tu kama najua wachumaji wanalipwaje. Nikasema kwa debe. Akasema mwezi wa kumi nipande juu, na kila debe atanikatia shilingi mia. Nilipiga hesabu kabla matatu haijang'oa: debe 180.

Naandika haya nikiwa kwake, kucha nyeusi, mgongo umekufa. Wachumaji wazoefu wananiacha mbali. Mimi nikijikaza sana nafikisha debe mbili kwa siku. Presi nilikuja nayo. Asubuhi kabla ya kwenda shambani natengeneza vikombe viwili, chake nusu maziwa, halafu anatoa daftari lake na kuandika ya jana.

Leo tumefika 61.