Tyubu ya baiskeli na kona za Nithi

Wasomaji, leo hakuna programu mpya. Leo ni habari za mgongo.

Sisi tunaoandika kodi (ya kompyuta, si ile ya serikali) hukaa kitini saa nane, saa kumi, na mwili hauchelewi kulipiza. Wangu ulilipiza mwezi wa nne hapa Embu: asubuhi moja nilishindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Hata kwenda kwa Mama kule Nkubu nikaanza kukuogopa, maana barabara ya Embu kwenda Meru ni kona tupu. Ukishapita Chuka na kuteremkia Daraja la Nithi, matatu inakulaza kushoto, inakulaza kulia, na kila kona nilihisi nachomwa kisu kiunoni.

Mtaalamu wa viungo alinipa zoezi liitwalo Pallof, kwa jina la John Pallof, mtaalamu mwenzake wa Marekani. Linataka ukanda wa mpira. Mimi nilimwomba fundi wa baiskeli anikatie tyubu kuukuu, basi.

Funga ncha moja kwenye nguzo, usawa wa kifua. Simama ubavu wako ukielekea nguzo, miguu upana wa mabega, magoti yalegee kidogo. Shika ncha ya pili kwa mikono yote miwili, iweke kifuani, sogea kando hadi mpira ukaze. Sasa nyoosha mikono mbele polepole. Mpira utataka kukugeuza uitazame nguzo. Usikubali. Hesabu hadi tatu, rudisha kifuani, na usizuie pumzi. Mara kumi, kisha upande wa pili.

Siku ya kwanza nilidhani nimetapeliwa. Hakuna kinachosogea ila mikono! Lakini piga hesabu. Mpira ukivuta kwa kilo 5, na mikono iko sentimita 20 kutoka katikati ya mwili, unazungushwa kwa 5 mara 20. Nyoosha hadi sentimita 60: mzunguko umekuwa mara tatu, na tyubu ni ileile. Misuli ya tumbo na ya mbavuni ndiyo inayokataa kuzunguka, kama inavyofanya kwenye kona za Nithi, ila hapa mimi ndiye dereva.

Onyo: tyubu iliyokaa juani hupata nyufa. Yangu ya kwanza ilikatika ikanichapa kidevuni, kwa hiyo ikague kabla ya kuvuta. Na kama maumivu yako yanashuka hadi mguuni, muone daktari kwanza.

Niliporudi Nkubu niliifunga kwenye mparachichi. Mama akatoka jikoni akasimama.

"Wewe, nani amekufunga kama mbuzi?"

Nilimweleza. Akasema kuna jembe, na shamba lipo.

Wiki ya sita nilishuka Embu na mkungu wa ndizi, nikaubeba mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Tyubu imebaki Nkubu. Mama ameifungia kuni, kwa hiyo kesho narudi kwa fundi.